Jana Ulienda Wapi?

Jumapili Mzee Mbaruku, mjumbe wetu wa mtaa, huwa hatoki kibarazani kwake mpaka bao liishe. Kwa hiyo nilipomwona anausukuma mlango wa mbele wa nyumba yetu pale Ilala, na nyuma yake kijana aliyevaa kizibao cha njano na kushika kishikwambi, niliacha matembele niliyokuwa nachambua. Watu wa vizibao hawaji kwa heri. Wakija wanachora alama nyekundu ya kubomoa ukutani, na mwaka unaofuata wewe unatafuta chumba Chanika.

"Hodi jamani. Huyu anaitwa Rogath, katoka kwenye mradi wa usafiri wa jiji," alisema Mzee Mbaruku. "Anauliza kila mtu jana alienda wapi, saa ngapi, kwa usafiri gani. Barua yake nimeiona. Mpeni ushirikiano."

"Jana tu?" niliuliza.

"Jana tu, mama. Siku nzima, tangu ulipoamka mpaka uliporudi kulala. Kila mtu mzima anajibu kwa mdomo wake mwenyewe."

Jana, kama juzi na kama siku zote za mwezi ule isipokuwa Jumapili, Mwanne wa chumba cha pembeni alikuwa ametoka nyumbani, na aliyetoka naye ni mimi. Shemeji yake, ambaye hakutakiwa kulijua hilo, alikuwa amekaa hapo hapo uani kwenye kiti cha plastiki, anakula wali.

Nieleze haraka, kabla kijana hajapewa kiti. Mwanne, sisi tunamwita Mama Anuari, alifiwa na mume wake Adamu. Adamu alikuwa na fremu ya vitenge Kariakoo, ukuta mmoja na fremu yangu ya nguo za watoto. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila kujipamba wala kutembeatembea wala kuonekana na wanaume wasio wake. Mwanne ni mtu wa Kilwa, swala tano hazimpiti, na eda aliianza vizuri kabisa. Lakini siku ya arobaini shemeji yake Haruna alisimama mbele ya ukoo akatangaza kuwa duka la ndugu yake atalishika yeye, kwa sababu mjane hagusi biashara. Mwenye fremu, mzee asiyependa maneno mengi, akasema mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na mpya atamwandikia yule anayelifungua duka. Akitaka kumjua ni nani, atamuuliza mjumbe wetu wa mtaa. Haruna akaahidi kufungua Jumatatu. Jumatatu hiyo mpaka leo hatujaiona.

Kariakoo ukifunga duka, wateja hawasubiri umalize kulia. Mwanne alilijua hilo. Asubuhi moja, jua halijatoka, alinigongea mlango amevaa baibui na nikabu, yamebaki macho tu. "Mama Jovin, nisindikize," akasema. Nikamsindikiza. Sokoni hakuna aliyemtambua. Nyumba nzima ilijua, vyumba vyote, na nyumba nzima ikafunga mdomo, na mimi niliyelelewa Rombo kwa watu wa rozari nikawa mlinzi wa eda ya Mwislamu. Haruna akigundua, ataenda kwa ukoo na kwa mwenye fremu aseme huyu mwanamke kavunja eda, na neno hilo linatosha. Duka litaondoka. Mwanne na mwanawe hawana kingine cha kuwaweka mjini.

Nikajitolea kuhojiwa kwanza. Nilitaka kumchosha kijana, ajibiwe mpaka achoke aende zake. Nikamweleza nilipopita, nilivyoruka dimbwi Karume, nilivyogombana na mtu wa mkokoteni Mtaa wa Kongo. Yeye anabonyeza tu kwa adabu.

"Katika safari hiyo ulikuwa na nani?"

Sikulitegemea swali hilo. Haruna alikuwa anatafuna, jicho moja kwangu.

"Peke yangu," nilisema.

Nilikuwa nimetoka misa ya kwanza asubuhi ile ile, komunyo haijashuka vizuri. Mungu anisamehe, nikaongeza na tabasamu.

"Asante mama. Chumba kinachofuata," alisema Rogath, akionyesha cha Mwanne. "Mkuu wa kaya ni nani?"

Haruna aliweka sahani chini, akanawa mkono, akajifuta mdomo. "Mimi hapa."

Nikamtazama Mzee Mbaruku. Yeye akatazama mabati. Ni mtu wa kupenda amani, Mzee Mbaruku, hasa ile amani inayokuja na chai. Alijua vizuri kama mimi kwamba Haruna anakaa Mbagala na mkewe na watoto wake. Lakini niliona kilichokuwa kichwani mwa Haruna, maana kilikuwa kichwani mwa kila mtu mtaani: penye kizibao pana mradi, penye mradi pana fidia, na fidia hupewa mwenye jina lililoandikwa juu.

"Hii ni ya mambo ya fidia, sio?" aliuliza.

"Hapana baba. Ni kupanga njia za mabasi tu."

Haruna akamkonyeza, kama mtu aliyeelewana na mwenzake. "Poa. Andika."

"Unalala hapa?"

"Sasa nilale wapi, na ndugu yangu kaacha mjane na mtoto? Nalala hapa hapa."

"Kaya yenu inatumia vyumba vingapi?"

"Kimoja hiki."

Mzee Mbaruku alikohoa. Haruna hakusikia hata alichokisema mwenyewe, alishafika kwenye fidia.

"Na jana ulienda wapi?"

"Kariakoo, dukani kwangu. Nilifungua mapema nikamwacha msichana wangu anauza. Yule wa nikabu. Nimemwajiri mwenyewe, mchapakazi sana." Akamgeukia Mzee Mbaruku. "Mjumbe, umesikia, eh? Mwenye fremu akikuuliza, mwambie Haruna anafungua."

Nyuma ya pazia la Mwanne kitu kikaanguka, kikombe nadhani, kikabingirika sakafuni.

Mimi ndiye niliyemfundisha Haruna uongo ule. Kuna siku alipita Kariakoo mchana, akakuta duka liko wazi, akaja mbio kuniuliza yule mwanamke ni nani. Nikamwambia ni msichana wa kusaidia, tumemshikiza tunapomsubiri yeye. Akaridhika, akaondoka na kitenge kimoja cha mkewe. Sasa uongo wangu alikuwa ameuvaa yeye, na ulimkaa vizuri kuliko mimi. Mwanne akinyamaza, mjumbe ameshasikia kwamba anayefungua duka ni Haruna, na mwisho wa mwezi mkataba ni wa Haruna. Mwanne akisema, amejimaliza mwenyewe.

"Anayefuata ni mama," alisema Rogath. "Yuko ndani?"

"Huyo yuko edani," alijibu Haruna. "Mjane. Hatoki. Andika hakutoka, tumalize."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpenda Haruna. "Ndiyo, andika hivyo," nikadakia. "Hata dirisha hafungui."

"Lazima nisikie kwake mwenyewe. Nikijijazia, wakubwa wangu wakipiga simu kuhakiki, kazi sina."

Nikakumbuka jina lake. Rogath! Huyu si wa kwetu? Nikajifanya naokota matembele karibu na mguu wake, nikamwambia haraka haraka kwa Kirombo: kiruke chumba hiki mwanangu, nitakueleza nje. Kijana akanitazama kwa aibu, kisha akasema kwa sauti ya kusikika uani kote:

"Samahani mama, mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, Sinza. Kilugha sikijui kabisa. Umesemaje?"

Kila mtu akanigeukia.

"Umemwambia nini?" aliuliza Haruna.

"Nimemuuliza kwao wapi."

"Kwa kunong'ona?"

Nilitamani nimzabe kibao yule mtoto wa Kichaga asiyejua hata kusalimia kwao. Lakini alishabeba kiti chake, akakiweka mlangoni kwa Mwanne, ubavu kwa pazia, asitazame ndani. Hapo adabu alikuwa nayo.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa," ilijibu sauti ya Mwanne.

"Nitakuuliza machache tu. Jana, Jumamosi, ulitoka nyumbani?"

Bomba la uani lilikuwa linadondoka, nikalichukia. Nikaanza Salamu Maria moyoni, nikapotea katikati.

"Hakutoka," alisema Haruna.

"Tumsubiri mwenyewe, baba."

"Kijana, nimekwambia..."

"Nilitoka," alisema Mwanne.

Rogath, ambaye kwake jibu lile lilikuwa jibu tu, akabonyeza.

"Saa ngapi?"

"Baada ya swala ya alfajiri."

"Kwenda wapi?"

"Kariakoo. Kwa miguu. Barabara ya Uhuru mpaka Msimbazi, halafu Mtaa wa Kongo."

"Na kusudi la safari?"

"Kazi. Nina duka la vitenge. Nafungua mimi, nauza mimi, nafunga mimi. Hakuna msichana wa mtu pale. Wa nikabu ni mimi."

Kiti cha Haruna kilianguka. "Umevunja eda!" alipiga kelele. "Ndugu yangu hajamaliza hata miezi mitatu chini, wewe uko Kariakoo unachekeana na wateja! Mjumbe, umesikia kwa masikio yako! Duka la Adamu halikai kwa mwanamke wa namna hii. Mwenye fremu nampigia sasa hivi."

Alitoa simu kweli, akapiga, akaiweka sikioni. Iliita bila kupokelewa. Mzee Mbaruku alikuwa anaivuta vuta kofia yake kana kwamba imembana. Niliona kama hatasema kitu, na mimi hasira yangu huwa haingoji wazee.

"Mpigie tena," nilimwambia Haruna. "Akipokea, mwambie na lingine. Mwambie wewe unalala humu, chumba kimoja na mjane wa ndugu yako, naye yuko edani. Si umesema mbele ya mjumbe? Sasa aliyeharibu eda ya watu ni nani?"

Uso ulimbadilika. "Mimi sikumaanisha... Kijana, hebu futa hiyo."

"Nifute ipi, baba?" aliuliza Rogath, bila hila yoyote. "Kwamba unalala hapa, au kwamba ulifungua duka?"

Haruna akaishusha simu.

"Na kwangu ufute," nikaongeza. "Jana sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Mama Anuari, bega kwa bega, kwenda. Andika."

Nilidhani tumeshinda. Nilishaanza kuinama kuokota matembele yangu. Lakini Rogath alikuwa anakuna kidevu, anakitazama kile kishikwambi chake.

"Mama, siku yako haijafungika. Bado hujarudi nyumbani. Jana ulifunga duka saa ngapi?"

"Adhana ya alasiri ilipolia."

"Na hapa ulifika saa ngapi?"

"Karibu na magharibi."

"Kwa miguu haichukui muda wote huo," alisema Rogath. "Kuna safari moja hapa katikati hujanitajia."

Haruna alikiinua kiti chake taratibu, akakikalia. Sasa hakupiga kelele tena, na ilikuwa mbaya zaidi. "Eeh. Hapo hapo. Muulize hapo. Kutoka alasiri mpaka magharibi, mjane wa ndugu yangu alikuwa kwa mwanaume gani?"

Nilitaka kumtetea, ila hata mimi sikujua. Asubuhi tunakwenda pamoja, lakini jioni mimi siwahi kufunga, hungojea wateja wa mikoani mpaka taa zinawashwa. Yeye hutangulia. Siku zote niliamini anatangulia kuja kwa mwanawe. Hakuwahi kuniambia vinginevyo, na mimi ndiye niliyebeba siri yake kila siku barabarani. Iliniuma. Nikaanza kuwahesabu kichwani wanaume wa mtaa ule wa vitenge, nani mwenye maneno laini, nani humletea chai, na nikajichukia kwa kuwahesabu.

"Mwanangu," alisema Mzee Mbaruku. Ndiyo mara ya kwanza alipofungua mdomo tangu Haruna aanze kupayuka. "Jibu. Neno hili likitoka humu bila jibu, kesho liko Kilwa kwa mama mkwe wako."

"Nilikuwa kwa Adamu."

Hakuna aliyeelewa. Rogath aliuliza kwa upole, "Adamu ni nani, mama?"

"Mume wangu. Makaburini, kule Buguruni." Sauti yake ilikuwa imesimama vizuri tangu mwanzo. Sasa ilianza kukatika. "Nikifunga duka naenda. Kila siku. Zile mvua zimelididimiza kaburi, upande wa kichwani kumefanya shimo, nimekuta mbwa amelala ndani. Najaza udongo kwa mikono. Mvua ikinyesha, unaondoka tena, nami narudia. Nikimaliza nakaa kidogo namwambia leo nimefungua, leo Anuari amekula, leo amemaliza kusoma juzuu ya Amma yote. Halafu narudi. Mnasema nimevunja eda. Mimi nimekaa eda kwa Adamu. Mlitaka nimlilie humu ndani mpaka duka liwe la mtu mwingine?"

Akalia. Hakujificha wala hakubana kilio, alilia kama alivyolia siku ile mwili unatolewa ndani. Na mimi nililia, mkono mdomoni, kwa huruma na kwa aibu ya wale wanaume niliowahesabu. Rogath aliangalia kioo chake, kidole kimeganda, akitafuta pa kuweka kusudi la safari ile. Kazi, shule, manunuzi, matibabu, matembezi. Mwishowe akakilaza kishikwambi mapajani.

Simu ya Haruna ikaanza kuita. Wote tuliona jina kwenye kioo, maana aliishika mbele yake kama asiyejua ni ya nani: mwenye fremu, anarudisha simu. Iliita mpaka ikakaribia kukata. Neno moja tu la yule mtu, na Mwanne hana duka.

Haruna alimpa simu Mzee Mbaruku. "Ongea naye wewe."

"Nimwambie nini?"

"Anachokuuliza."

Mzee Mbaruku alipokea, akasalimia kwa kirefu kama kawaida yake, akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, nimelisikia mwenyewe leo. Anayefungua ni mjane. Mwanne, ndiyo. Hapana, hakuna mwingine." Akamtupia Haruna jicho, ampe nafasi ya kukanusha. Haruna alikuwa anatazama pazia. "Basi andikiana naye. Akimaliza eda atakuja kuweka sahihi, au mletee huku huku."

Akairudisha simu. Haruna aliipokea bila kuitazama.

"Upande wa kichwani?" aliuliza.

"Ndiyo, shemeji," ilijibu sauti nyuma ya pazia.

"Nilisema nitalijengea. Siku ile ile ya mazishi nilisema." Alijifuta uso kwa kiganja, mara mbili. "Nilisema mbele ya watu."

Hakuna aliyemsaidia. Mimi sikutaka kumsaidia. Alisimama, akavaa kandambili zake, akanigeukia, na macho yake hayakuwa na ujanja wowote ndani yake.

"Mama Jovin, kuna chepe la udongo humu ndani?"

Lilikuwepo la mume wangu Tarsis, nyuma ya mlango wa choo. Sikumpa kwa moyo mweupe, lakini nilimpa. Akaliweka begani, shati lake la Jumapili likachafuka hapo hapo, akatembea ukumbini mpaka mlango wa mbele. Hapo akasimama, mgongo kwetu, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameghairi.

"Shemeji," aliita bila kugeuka. "Sijarudi kule tangu tumzike. Makaburi ni mengi. Nitalijuaje?"

Nyuma ya pazia tukamsikia Mwanne anafungua sanduku, anatoa baibui, kisha anatafuta viatu vyake.